Mbuni Nyanda za Juu Kusini: kutoka kiriba hadi kichanja

Mbuni wa arabika, yaani mti wa kahawa, ni kichaka cha msituni. Asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300 hadi 2,000, ambako huota wenyewe chini ya miti mikubwa. Huko jua huufikia likiwa limechujwa na majani, ardhi imefunikwa na majani yaliyooza, na mizizi yake hupenya udongo ambao haujakanyagwa na ng'ombe wala trekta. Mbozi, Ileje, Rungwe na Mbeya Vijijini, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuna mwinuko unaoufaa, na kuna majira unayoyataka: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi cha kuchuma na kuanika. Kinachokosekana ni msitu wenyewe. Kazi nyingi zinazoelezwa hapa ni za kuurudishia mbuni kivuli, tandazo na udongo uliolegea, na hasara nyingi shambani huanzia pale kimojawapo kilipokosekana.

Mahali pa kupanda

Tafuta udongo wenye kina. Kabla ya kununua au kusafisha eneo, chimba shimo moja la majaribio lenye kina cha mita moja na nusu. Ukikuta mwamba, tabaka gumu linalorudisha jembe, au maji yanayochuruzika, eneo hilo liachie mahindi au malisho. Mbuni una mzizi mkuu unaokwenda chini kutafuta unyevu wa kuvukia miezi ya Agosti hadi Oktoba, na ukizuiwa njiani mti hunyauka kila kiangazi hata ukiwekewa mbolea namna gani. Uchachu wa udongo unaofaa ni pH 5 hadi 6.5.

Mwinuko wa Mbozi, kati ya mita 1,400 na 1,700, unafaa sana. Ukipanda juu zaidi kuelekea safu za Uporoto na Kitulo, hatari ni jalidi, ile baridi ya Juni na Julai inayogandisha umande asubuhi. Jalidi hukusanyika mabondeni, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na huteremka usiku kama maji. Kwa hiyo hata katika kijiji kimoja, shamba la katikati ya mteremko husalimika wakati la bondeni limeungua majani yote. Rungwe taabu ni nyingine: mvua ni nyingi mno, na pasipo mteremko wa kutoa maji, mizizi huoza na chulebuni, ugonjwa wa madoa meusi kwenye matunda mabichi, hukaa mwaka mzima.

Miche

Kosa linalorudiwa mno ni kuokota mbegu chini ya mti mzuri wa jirani. Aina za zamani, yaani N39 na KP423 zenyewe, huzaa watoto wanaofanana na mama, kwa kuwa arabika hujichavusha yenyewe. Lakini zinashambuliwa vibaya na chulebuni pamoja na kutu ya majani. Aina bora zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, zinavumilia magonjwa hayo mawili, ila ni chotara: mbegu zake zikipandwa huota miti mchanganyiko, mingine yenye kinga, mingine haina. Ndiyo maana miche yake huzalishwa kwa vikonyo kutoka kwenye bustani mama. Kwa wakulima wa Mbozi na wilaya za jirani, kituo cha TaCRI cha Mbimba ndicho cha kuendea. Gharama ya miche hiyo ni kubwa kuliko ya kuokota, lakini pima upande wa pili: dawa za kopa (shaba) za kunyunyiza kila msimu kwa miaka 30.

Kikundi kinachotaka kuwa na bustani mama yake kikumbuke jambo moja kuhusu vikonyo. Vikatwe kwenye maotea yaliyosimama wima, kamwe visikatwe kwenye matawi ya pembeni. Tawi la pembeni likioteshwa litaishi, lakini litabaki kutambaa chini kama tawi, halitakuwa mti. Kikonyo kimoja ni pingili moja yenye jozi ya majani yaliyopunguzwa nusu. Huchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kisanduku kilichofunikwa nailoni na kuwekwa kivulini. Mizizi hutoka baada ya miezi mitatu hadi minne, na nailoni isifunuliwe hovyo katika muda huo.

Anayeotesha aina ya zamani kwa mbegu achume matunda mekundu yaliyoiva vizuri kwenye miti yenye afya, ayamenye kwa mkono siku hiyo hiyo, atupe yanayoelea, aoshe utelezi na kuanika kivulini. Ganda la ndani libaki. Atupe punje za mviringo zilizo peke yake ndani ya tunda na zile zilizotobolewa. Mbegu ya mbuni haina subira: baada ya miezi miwili hivi uwezo wake wa kuota huanza kushuka, na ya mwaka jana ni ya kutupa. Iliyochumwa Julai iwe ardhini kufikia Septemba.

Ipande upande wa bapa ukiangalia chini, kina cha sentimita moja hadi moja na nusu, tuta likiwa na upana wa mita moja na kufunikwa nyasi. Kwenye baridi ya huku mbegu huchukua wiki 6 hadi 10. Kwanza shina jembamba huinuka limebeba punje kichwani. Hatua hiyo huitwa askari, maana ni kama askari aliyevaa kofia. Baadaye kofia huanguka na majani mawili ya duara hufunguka kama kipepeo. Hamishia kwenye viriba, yaani mifuko ya miche, ikiwa askari au kipepeo, usisubiri zaidi.

Viriba viwe na upana wa sentimita 13 na urefu wa 23, vimetobolewa chini na pembeni. Mchanganyiko ni madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza na moja la mchanga. Toboa tundu kwa kijiti, shusha mche ndani kupita kiasi kidogo, kisha uuvute juu taratibu ili mzizi unyooke, ndipo ushindilie kwa vidole. Mzizi ukiwa mrefu kuliko tundu, ukate ncha kwa wembe. Mzizi uliokatwa huchipua mingine, lakini uliokunjwa haukunjuki tena maisha yake yote.

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa macho. Ukienda kununua miche mia mbili iliyooteshwa kwa mbegu, lipia mmoja wa kuharibu. Chana kiriba, tumbukiza udongo kwenye ndoo ya maji, tikisa taratibu mpaka mizizi ibaki mitupu, halafu ushike mche kwa shina. Mzizi mkuu ukishuka moja kwa moja kama uzi wenye timazi, nunua. Ukiona umepinda na kurudi juu mfano wa mpini wa mwavuli, au umejizungusha chini ya kiriba kama kamba, ondoka hata kama majani yanang'aa. Mche wa namna hiyo hautakufa mwaka wa kwanza. Utakuwa vizuri, utachanua, na mwaka wa tatu au wa nne, matunda yakiwa mengi na kiangazi kikiwa kikali, utanyauka ghafla na mwenye shamba atatafuta dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Kitalu kiwe na kivuli cha nusu kwa nusu. Wiki sita za mwisho punguza kivuli kidogo kidogo mpaka miche izoee jua. Mche wenye jozi 6 hadi 8 za majani uko tayari. Uliotoa mizizi chini ya kiriba umechelewa.

Mashimo na kupanda

Chimba mashimo Septemba au Oktoba, udongo ukiwa bado mkavu: sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, weka upande mmoja na wa chini upande mwingine. Shimo likae wazi mwezi mmoja au miwili lipigwe jua. Kwa udongo wa mfinyanzi mwekundu, kuta za shimo hulainika kama chungu kwa sababu ya jembe, na mizizi hushindwa kupenya. Zikwaruze kwa ncha ya panga kabla ya kujaza.

Novemba, kabla mvua haijashika, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa na gramu 100 hadi 200 za mbolea ya fosfeti, Minjingu au TSP. Jaza mpaka kichuguu kiinuke sentimita 15 juu ya ardhi, chomeka mambo katikati na uache. Mvua za kwanza zitakishusha. Mkulima anayechimba asubuhi na kupanda jioni huona mche ukizama wiki ya tatu, maji yanasimama shingoni mwa shina na gome linaoza. Samadi mbichi nayo huchemka shimoni na kuunguza mizizi, tena huita mchwa.

Panda Desemba hadi katikati ya Januari, siku ya mawingu. Chana kiriba chote na ukitoe, usikiache hata kimechanwa. Shingo ya mche iwe usawa ule ule iliokuwa nao kwenye kiriba. Funika kwa majani ya mgomba au kichanja kidogo cha nyasi upande wa magharibi, jua la alasiri linakotokea.

Nafasi kwa aina ndefu ni futi 9 kwa 9, sawa na mita 2.7, na ekari moja huchukua takriban miche 540. Aina fupi zinaweza kukaa mita 2 kwa 2, ekari ikabeba kama 1,000. Ukibananisha aina ndefu kwa tamaa ya kuvuna mapema, mwaka wa tano matawi ya chini yatakauka kwa kukosa mwanga na utakuwa unachuma kwa ngazi. Kwenye mteremko, mistari ifuate usawa wa mlima. Pima kwa fremu A ya miti mitatu na kamba yenye jiwe, uweke makinga maji yenye majani ya malisho kila baada ya mistari michache.

Kivuli, tandazo na magugu

Kivuli kinachotakiwa ni cha theluthi moja hivi. Ukisimama shambani saa sita mchana, uone madoa ya jua na ya kivuli yakichanganyika chini. Mgrivilea hutumika sana, kwa nafasi ya kama mita 10 hadi 12 kati ya mti na mti, na matawi yake ya chini hukatwa kila mwaka. Mringaringa na miti ya jamii ya Albizia ni bora zaidi kwa majani yake yanayooza haraka. Rungwe migomba na mibuni hukaa pamoja tangu zamani na inafaa, ila mgomba hula potasiamu nyingi na kunywa maji mengi. Uwe mgomba mmoja katikati ya mibuni minne, wenye mashina matatu tu, na majani yaliyokatwa yabaki shambani. Mkaratusi uwe mbali kabisa. Mizizi yake huvuka mpaka bila kuuliza.

Kivuli kikizidi, mbuni hutoa majani mapana ya kijani kibichi na matunda machache. Pasipokuwa nacho kabisa, huchanua kupita nguvu zake, matawi yanakauka kuanzia ncha, na mwaka unaofuata hauna kitu. Kile ambacho wengi hukiita "mwaka wa kahawa kupumzika" kwa sehemu kubwa ni mti uliochoka kwa kuzaa bila kivuli wala chakula.

Tandazo liwekwe mwisho wa mvua, Aprili au Mei, udongo ukiwa na unyevu. Nyasi kavu, mabua ya mahindi au majani ya migomba, unene wa sentimita 10, yakae mbali na shina kwa shubiri moja. Yakigusa shina mchwa hupanda na gome huoza. Shamba lenye tandazo linaogopa moto wa kiangazi, kwa hiyo lifyekwe njia ya moto ya mita 3 au 4 pande zote kufikia Julai.

Mizizi inayolisha mbuni iko sentimita 30 za juu. Jembe la mkono likizamishwa karibu na shina huikata yote, na mti hukaa miezi ukiiotesha upya badala ya kujaza buni. Fyeka, au palilia juu juu. Sangari ndilo gugu la kuogopwa. Ling'olewe kwa uma kabla ya kupanda, pingili zake zote ziokotwe na kuchomwa, kwa kuwa likishaingia kati ya mizizi ya mbuni halitoki bila kuijeruhi. Miaka miwili ya kwanza unaweza kupanda maharage katikati ya mistari. Mahindi hapana: yanapokonya mwanga na naitrojeni wakati mche unapohitaji vyote viwili.

Mbolea

Samadi debe moja kwa kila mti kwa mwaka ndiyo msingi. CAN, mbolea ya naitrojeni ya dukani, iongezwe wakati wa mvua tu: mwaka wa kwanza gramu 50 zikigawanywa mara mbili, mwaka wa pili gramu 100, na mti unaozaa gramu 300 zikigawanywa mara tatu, Desemba, Februari na mwishoni mwa Machi. Pima mara moja kwenye mzani wa dukani, weka alama kwenye kopo, halafu utumie kopo hilo. Tawanya chini ya ncha za matawi, ndiko mizizi midogo iliko. Ukimwaga shinani unapoteza mbolea na kuunguza gome.

Majani mapya yakiwa membamba, madogo, yamesongamana kama ufagio, zinki imepungua. Ncha ya tawi ikifa na vijitawi vingi vikatoka hapo kwa pamoja, ni boroni. Vyote viwili hunyunyizwa kwenye majani kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, visizidishwe.

Kupogoa

Hapa ndipo mashamba mengi huharibikia, na sababu ni kutojua mbuni unazalia wapi. Tunda hutoka kwenye sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliopita. Pingili iliyokwisha kuzaa haizai vya kutosha tena. Kwa hiyo kila mwaka tawi husogeza mazao mbele kuelekea ncha, na kuacha nyuma kipande kitupu kama kidole. Baada ya miaka kadhaa kuna mti mkubwa, mzuri kwa mbali, wenye matunda kwenye ncha za matawi tu. Kazi ya makasi ni kuulazimisha mti utoe matawi mapya kila mwaka.

Mche ukifika sentimita 45, kata ncha kwenye urefu wa 30, juu kidogo ya pingili. Maotea yatatoka; acha mawili au matatu yenye nguvu, yanayotazama pande tofauti. Hayo ndiyo mashina yako. Kila mwaka, ukimaliza kuchuma na kabla ya mvua, yaani Septemba na Oktoba, ondoa matawi makavu, yanayogusa ardhi, yanayorudi ndani na yaliyopindana. Katikati ya mti pawe wazi kiasi cha kupitisha kofia bila kuigusa. Maotea mapya yang'olewe kwa mkono yakiwa laini, kila mwezi wakati wa mvua; yakiachwa yanyonye miezi mitatu, kuyakata ni kuacha jeraha.

Baada ya mavuno sita hadi nane mashina huzeeka. Kata kisiki kwa msumeno (panga hupasua gome), urefu wa sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mkato ukiwa mshazari ili maji yateremke. Acha shina moja jembamba la kulea kisiki mpaka maotea yafike gotini, kisha nalo likatwe. Kati ya maotea kumi au kumi na tano yatakayotoka, chagua mawili au matatu ya chini yaliyoshikana na kisiki imara. Ya juu kabisa hung'oka kwa upepo. Usikate shamba lote mwaka mmoja, maana kisiki hakizai vya maana kwa karibu miaka miwili. Gawanya sehemu tatu au nne, nyumba isikose mapato.

Wadudu na magonjwa

Adui mkubwa wa miti yenyewe ni bungua weupe. Mbawakawa jike hutaga chini ya gome, kwenye nusu mita ya chini ya shina, mwanzoni mwa mvua. Funza akianguliwa hula gome akizunguka shina kama mtu anayefunga pete, mara nyingi chini ya usawa wa udongo, kisha hutoboa ndani ya mbao. Mti huanza kupauka manjano upande mmoja. Ukipiga magoti na kufukua udongo kidogo, utaona unga kama wa msumeno, wenye nyuzinyuzi, umelundikana shinani. Mti mchanga uliozungushwa pete nzima hauponi: ung'oe, uupasue, funza auawe, mbao zichomwe. Mti uliotobolewa lakini haujazungushwa unaweza kuokolewa kwa kuingiza waya wa baiskeli uliopindwa ncha na kumvuta au kumchoma funza tunduni. Kinga ni kazi ya siku moja kwa mwaka. Septemba au Oktoba, kabla mbawakawa hawajatoka, sugua shina kuanzia ardhini hadi nusu mita kwa gunzi la mahindi au kipande cha gunia mpaka gome liwe laini. Mbawakawa hutafuta nyufa za kutagia; akizikosa huenda kwingine. Usisugue mpaka kufika kwenye gome bichi.

Ruhuka ni kijidudu cheusi kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kinachotoboa tunda kwenye kitovu chake. Hakihitaji dawa nyingi kama kinavyohitaji usafi. Kila tunda lililosalia mtini baada ya msimu, na kila lililoanguka, ndiyo nyumba yake mpaka msimu ujao. Yaokotwe yote na kuchemshwa au kufukiwa kina cha nusu mita. Kimatira, mdudu mwenye umbo la ngao na madoa ya rangi, hupenda mti uliosongamana. Kupogoa kunamfukuza nusu. Tikisa mti juu ya shuka jeupe asubuhi, na ukipata wastani wa wawili au zaidi kwa mti, hapo dawa inastahili.

Chulebuni hushambulia tunda la kijani: doa jeusi linalodidimia, linapanuka, na tunda linabaki limekauka tawini au linaanguka. Tunda liko hatarini zaidi wiki ya 4 hadi ya 14 baada ya maua. Kwa aina za zamani, kopa inyunyizwe kuanzia maua, ikirudiwa kila wiki tatu au nne mpaka buni zigumu. Anayesubiri kuona madoa amechelewa, kwa sababu kopa huzuia tu, haitibu. Kutu ya majani hujulikana kwa unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Kopa ile ile huizuia.

Kuchuma na kuchakata

Juni hadi Septemba, chuma matunda mekundu tu, ukirudia mti ule ule kila siku 10 hadi 14. Tunda la kijani halina sukari ya kutosha na huacha ukakasi kikombeni. Lililoiva kupita kiasi huwa limeshaanza kuchacha. Kama kikundi au AMCOS yenu (chama cha ushirika cha wakulima) ina mtambo wa kuchakata, peleka matunda siku hiyo hiyo. Kama unafanya nyumbani, menya kabla ya kulala. Matunda yaliyolala kwenye gunia hupata joto, na harufu yake ya pombe haitatoka tena.

Kwanza mwaga matunda kwenye pipa la maji, uondoe yanayoelea. Rekebisha mashine ya kumenyea kwa kupitisha kilo mbili tatu na kuangalia: buni zikitoka zimekatwa, imebana mno, maganda yakitoka na buni ndani, imelegea. Chachusha buni kwenye karo safi, kavu au kwa maji kidogo, saa 24 hadi 48, na usiku wa Julai wa Mbozi huweza kufikisha 72. Saa si kipimo, mkono ndio kipimo. Chukua konzi, suuza, sugua kwa viganja: zikiwa bado zinateleza kama sabuni, subiri, zikitoa mkwaruzo kama kokoto, osha mara moja. Kuchelewa saa chache kunaleta uchachu wa siki.

Anika kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa, usianike chini kamwe. Buni hunasa harufu ya udongo na mbolea ya mifugo. Unene uwe sentimita 3 hivi, zigeuzwe mara kwa mara, na buni zilizovunjika au nyeusi zitolewe zikiwa bado mbichi, maana zikikauka hazionekani. Siku za mwanzo zifunike saa tano hadi saa tisa, jua lisipasue ganda la ndani, na kila jioni kabla ya umande. Siku 7 hadi 14 zinatosha. Menya chache kwa ukucha: punje iwe ya kijani chenye ubuluu, iwe ngumu, meno yaache alama ndogo bila kuivunja. Huo ni unyevu wa asilimia 11 au 12. Kilo 5 za matunda mekundu hutoa karibu kilo 1 ya buni zilizokauka zikiwa na ganda la ndani. Ukipata pungufu sana, tafuta ruhuka au mashine iliyolegea. Hifadhi kwenye magunia ya katani juu ya chaga, mbali na ukuta, na pasiwe na dizeli, sabuni wala mbolea chumbani.

Matumizi ya nyumbani

Weka debe moja la nyumbani. Twanga kwenye kinu ganda litoke, pepeta, kaanga kwenye chungu au sufuria nzito kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuacha. Baada ya dakika kumi hivi zitaalika kama bisi. Endelea dakika mbili tatu zifike hudhurungi, halafu zimwage kwenye ungo na kuzipepea zipoe haraka. Zikitoa mafuta na moshi mweusi umezidisha, na utamu uliohangaikia miezi tisa umeungua. Saga kesho yake, siyo siku hiyo.

Maua ya Oktoba na Novemba ni malisho mazuri ya nyuki, kwa hiyo mizinga ikae pembeni ya shamba na dawa za wadudu zisinyunyizwe wakati wa maua. Ethiopia majani ya mbuni huchemshwa kama chai, na Yemen hutumia maganda makavu ya tunda pamoja na tangawizi, kinywaji wanachokiita qishr. Mashina yaliyokatwa kwenye visiki ni kuni zenye makaa ya kudumu.

Maganda mabichi yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea yasimwagwe mtoni. Yakioza humaliza hewa ya majini na samaki hufa. Yalundike kivulini tabaka kwa tabaka na samadi na majani makavu, unene wa shubiri kila tabaka, yageuzwe kila wiki tatu, yafunikwe majani ya migomba. Rundo la Juni huwa jeusi, lenye harufu ya udongo wa msituni, kufikia Oktoba au Novemba. Debe moja la rundo hilo linatosha shimo moja la mche mpya.